Sura Yake Iko Ukutani Kwetu, Shamba Lake Linaliwa

Mpendwa Mama Lidwina, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, na majina niliyoyaandika usiyafiche, maana waliotajwa wanajijua na Songea hii ni ndogo.

Mimi ni mpima ardhi. Pamoja na Edmund, niliyesoma naye chuo kimoja, tuna ofisi ndogo ya upimaji hapa Majengo, sisi wawili na Majidi anayetuchorea ramani. Miaka ya mwanzo tulikwenda vizuri, halafu kampuni kubwa kutoka Dar es Salaam zikaanza kuzoa kazi zote za maana, ndipo Edmund akasema biashara ya siku hizi bila dhima haiendi, lazima watu wajue tupo kwa ajili ya nini, akamwita mshauri wa biashara anayeitwa Remmy, tukajifungia naye siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli.

Remmy akatuuliza, "Ni kazi gani mliwahi kufanya mkarudi nyumbani mnajivunia?" Mimi nikamsimulia habari ya Mama Notburga, mjane wa Mshangano, ambaye shemeji zake walitaka kumnyang'anya shamba baada ya mumewe kufariki, nikampimia bila kumdai chochote, na siku tulipochimbia bikoni, ile nguzo fupi ya zege ya mpaka, aliishika kwa mikono miwili akasema, "Sasa nitalala." Remmy akapiga meza. "Hiyo ndiyo dhima yenu!" Tukaandika: Mnyonge asipoteze ardhi kwa kukosa mpima. Mama, nililia mle ukumbini, niliamini kila neno.

Majidi alikuwa amempiga picha yule mama siku ile, amekumbatia bikoni yake, basi ikakuzwa ikawekwa kwenye bango nje ya ofisi, ikawekwa ukutani ndani, ikawekwa kwenye kalenda, na kazi kweli zikaja, hata shirika moja likatupa mradi wa kupima mashamba ya wakulima Namtumbo, likisema limevutiwa na dhima yetu.

Sasa sikia. Mwaka huu tajiri mmoja anayejenga maghala jirani na Mama Notburga aliing'oa ile bikoni, akaisogeza katikati ya mahindi ya yule mama, akazungushia seng'enge. Tajiri huyo ni mteja wetu, Edmund ndiye anayempimia viwanja. Mama Notburga akaja ofisini kwa miguu, mvua inanyesha, Edmund akamweka kwenye benchi tangu asubuhi mpaka mchana. Mimi nilikuwa narudi kutoka Namtumbo, buti zimejaa tope, nikasimama mlangoni nikasikia kwa masikio yangu.

"Mama, kesi za mtu mmoja mmoja siku hizi hatuchukui," Edmund alikuwa anasema. "Tuna mkakati."

"Mwanangu, si mimi yule pale ukutani kwenu?"

"Ile ni picha ya matangazo tu, mama."

Yule mama akanyanyuka, akakaza kanga yake. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini, akatoka nje kwenye mvua.

Nilipomgeukia Edmund kumwuliza amefanya nini, alinijibu bila aibu, "Yasinta, dhima ni ya kutafutia kazi. Mkakati ni wa kula. Usichanganye." Na si hilo tu, anataka nigonge muhuri wangu kwenye ramani mpya ya tajiri yenye mpaka uliosogezwa, kwa sababu mpaka wa kwanza niliupima mimi, na muhuri wangu ukiwepo hakuna atakayeuliza. Nimekataa, lakini ramani iko mezani kwangu na kila asubuhi ananiuliza. Mama Notburga huko jumuiyani wanamcheka, "Wewe si ndiye wa bangoni? Mbona unaporwa?" Amemtuma binti yake aje atuambie, "Mama anasema mshushe sura yake." Edmund naye anasema tumwite Remmy tena, tufanye warsha nyingine tuiboreshe dhima! Mama yangu mzazi ananiambia nisamehe, ofisi ni riziki.

Nifanyeje? Nitoke, au nibaki tuandike mkakati upya? Na je, biashara ndogo kama yetu inaweza kweli kuishi kwa dhima, au tulidanganywa?

Yasinta, Majengo, Songea

MAMA LIDWINA ANAJIBU

Marahaba, Yasinta. Barua yako nimeisoma mara ya pili nikiwa nimesimama, kukaa nilishindwa. Mlimchukua mjane wa watu mkamfanya picha ya kuuzia, kama mtoto wa kwenye boksi la sabuni, halafu alipokuja mwenyewe, mwenye miguu na kilio, mkamwambia hamfanyi kazi ya mtu mmoja mmoja. Kwani yule mliyemweka kwenye kalenda alikuwa watu wangapi?

Pole yako nakupa, na hongera ya kukataa kugonga muhuri nakupa. Lakini usijifiche nyuma ya Edmund. Mlipoikuza ile picha, nani alikwenda Mshangano kumwomba ruhusa? Hukuandika, nami nimeshajua jibu. Na tangu atoke ofisini kwenu na mvua ile, umekwenda kwake? Umeandika juu ya hasira yako, umeandika juu ya ramani, juu ya Remmy. Mguu wako kufika kwake sijausoma popote, mwanangu.

Umeuliza kama mlidanganywa. Swali la Remmy lilikuwa zuri na jibu lako lilikuwa la kweli. Mlipokosea ni pale mlipolimaliza ukutani. Dhima isiyowahi kukukosesha mteja hata mmoja ni pambo. Mkakati ni kuamua mapema: kazi hii tunafanya, hii hata mkitupa dhahabu hatugusi, na hizi kubwa za Namtumbo ndizo zitakazobeba mzigo wa wadogo wasioweza kulipa. Maana ofisi ikifa njaa haimsaidii mjane yeyote, hapo Edmund hajakosea. Amekosea kudhani kula na haki vinakaa vyumba tofauti. Lile shirika liliwapa mradi kwa sababu ya jina lenu. Likisikia habari ya Mshangano, Edmund atakula nini?

Sasa fanya hivi. Bango lishuke leo, na picha ya ndani, na kalenda zilizobaki, bila kusubiri kikao, mwenye sura amesema. Ile ramani mrudishie Edmund mkononi, Majidi akiwepo, na umwambie kwa maandishi kwamba hutaigongea muhuri, wala hutanyamaza ikigongewa na mwingine. Bikoni iliyong'olewa ni jambo la mamlaka, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ardhi ya manispaa wapate taarifa yako, wewe uliyeipima. Usimwachie mama wa watu ahangaike milangoni peke yake.

Kisha kaeni wewe na Edmund ofisini kwenu, hoteli hamna haja nayo, mwandike ukurasa mmoja: kazi gani mtazikataa, siku gani ya juma ni ya wadogo, na mmoja akisema hapana kwa ajili ya haki, mwingine hana ruhusa ya kumzunguka. Mpelekee wakili, aingize kwenye mkataba wenu wa ubia. Edmund akitia saini, fanyeni kazi. Akicheka, gawaneni vifaa, uondoke na muhuri wako, uanze na meza moja. Mama yako mwambie nimemsikia: kusamehe ni kwa moyo, riziki ya dhuluma haisamehewi.

Lakini ukishashusha bango, hayo mengine ni ya baadaye. Kesho asubuhi uwe Mshangano. Usimweleze Mama Notburga habari za mkakati wala kumlilia, amelia vya kutosha. Mwombe radhi kwa maneno machache, shusha kifaa chako begani, mwulize, "Mpaka ulikuwa wapi, mama?" Halafu nyamaza, umfuate.