Ndizi Zilibaki Jikoni

Jumatatu, 11 Novemba
Sukari asubuhi: 9. Si mbaya. Nimeshona sketi sita za shule, ya saba nimeikosea pindo. Mgongo unauma.

Jioni kama kawaida. Ndizi na maharage jikoni, sindano ya insulini saa moja kasoro robo, nusu saa baadaye nakula. Miaka kumi na moja sasa, tangu kidato cha pili. Mkono umezoea, hauniulizi kitu.

Bi Zuhura, mwenye nyumba, ameomba tena ufunguo wa akiba wa chumba changu. Eti mtu wa kisukari halali peke yake akiwa amejifungia. Nimesema nitautafuta. Uongo. Uko kwenye kopo la vifungo. Mama huyu akiupata atakagua hadi sufuria zangu.

Jumanne, 12 Novemba
Senene!

Nilikuwa nimeshachoma sindano. Ndizi bado ngumu jikoni. Mvua ikakatika, mara kelele nje, mtaa mzima wa Kitendaguro barabarani na ndoo, wanaokota panzi hao. Nikazima moto nikatoka mbio. Mhaya gani anakaa ndani senene wakianguka?

Nimerudi saa tatu. Mikono ilitetemeka nikinyonyoa mabawa. Furaha, nikadhani. Bi Zuhura amekaanga, nimekula bakuli mbili. Nimeshiba hadi kooni. Ndizi zilibaki jikoni vilevile.

Jumatano, 13 Novemba
Usiku nimeamka shuka limelowa. Nikadhani bati linavuja. Nikapapasa ukutani, pakavu. Ni jasho langu. Moyo unapiga kama cherehani. Nimekula sukari kwa kiganja, sijui viganja vingapi. Sikupima, vijiti vya kupimia vimebaki vinne na siku ya kliniki bado.

Asubuhi: 17. Kumi na saba! Nimekasirika mno. Jioni nimeongeza uniti mbili kwenye sindano. Bila kumuuliza mtu. Baadaye senene tena, na kipande kimoja cha ndizi. Tumbo halina nafasi.

Alhamisi, 14 Novemba
Yaleyale. Nimejikuta sakafuni, nimekumbatia mto, meno yanagongana. Sukari tena kwa kiganja. Asubuhi 19. Mwili huu una wazimu. Jioni nimeongeza uniti mbili nyingine. Tuone nani atashinda.

Mama amepiga simu toka Muleba. Sukari vipi? Nikasema nzuri. Siku hizi namdanganya bila hata kumeza mate.

Bi Zuhura ameleta sahani nyingine ya senene, wa vitunguu. Sitagusa ndizi leo.

sukari chini
chai
nipe chai chai ya sukari hata nikikataa
ndizi zinaniangalia

Ijumaa, 15 Novemba
Mistari hiyo hapo juu sikuiandika. Nimeisoma mara kumi. Ni mwandiko wangu, kalamu yangu, hata ile "k" yangu yenye mkia. Lakini sikuiandika. Sikumbuki kushika kalamu. Sikumbuki kitu chochote kuanzia nilipozima taa.

Yote haya nimeambiwa na Bi Zuhura. Naandika kabla sijapoteza tena.

Aliamka kwa ajili ya swala ya alfajiri. Akaona mlango wangu wazi, taa ya jiko la uani inawaka. Akanikuta nimekaa chini mbele ya sufuria ya ndizi za juzi, kisu mkononi, nazigombeza. Akadhani nimelewa. Mimi, ambaye hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, naikwepa harusini! Alipogusa shingo yangu akakuta baridi na maji. Akakimbia kunitengenezea chai.

Nikaitema. Nikakisukuma kikombe. Nikapiga kelele kwamba anataka kuniua, kwamba mimi ni mgonjwa wa sukari na sukari ni sumu kwangu. Anasema nilisema vizuri kabisa, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyomwambia kila akinikaribisha keki ya Idi. Akaniamini. Akairudisha chai mezani.

Akairudisha mezani. Siwezi kuacha kuiandika sentensi hii.

Aliingia chumbani kutafuta simu ampigie Mama. Akakuta daftari hili kitandani, limefunguliwa. Akasoma. Chai ya sukari hata nikikataa. Akarudi, akanibana kichwa kwenye kwapa lake, akaninywesha vikombe viwili, kijiko kwa kijiko. Ana michubuko mkononi. Ni kucha zangu.

Ningekuwa nimejifungia kwa ufunguo ningekufa. Ndivyo ilivyo.

Ijumaa, jioni
Alinipeleka kliniki mwenyewe, ameshika kiwiko changu kama mwizi aliyekamatwa. Nesi akauliza nimekula nini usiku wiki hii. Nikafungua daftari nimsomee. Jumanne senene. Jumatano senene. Alhamisi senene.

Nikalifunga daftari katikati. Sikuhitaji aniambie.

Nilichoma dawa ya sahani nzima ya ndizi, nikala senene. Senene ni mafuta na nyama tupu. Dawa ikatafuta wanga tumboni, ikakosa, ikala sukari iliyokuwa kwenye damu. Na ile 17, na ile 19, ni viganja vyangu vya usiku, pamoja na mwili kujitetea. Nami nikauongezea dawa! Miaka kumi na moja nachoma, hadi nafundisha wenzangu kliniki. Naona aibu hadi masikio yanawaka.

Nesi hakunifokea. Heri angenifokea. Kasema nirudi kwenye dozi ya zamani. Chakula kiwe kimeiva, kiko kwenye sahani, ndipo nichome. Senene ni kitoweo, si badala ya ndizi. Nipime saa tisa usiku kwa wiki mbili, kanipa vijiti.

Jumapili, 17 Novemba
Muleba. Nimemweleza Mama yote, hata uongo wa simu. Alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya. Mkungu mzima, watu wawili tu nyumbani. Kisha akasema, "Waitu, mwanangu, wewe ndiye unizike mimi, si mimi nikuzike wewe." Basi. Akachukua ndizi nyingine.

Jioni nilipotoa sindano alinishika mkono. Akaenda jikoni, akarudi na sahani yangu imejaa, akaiweka mbele yangu, ndipo akaniachia. Senene kaniwekea pembeni, kijiko kimoja. Nimechoma nikilia.

Jumanne, 19 Novemba
Saa tisa usiku: 7.4. Nimepima mara moja tu, ingawa nilitamani kurudia. Bado naogopa kulala. Naogopa yule mwanamke mwenye sauti yangu anayekataa chai.

Nimempa Bi Zuhura ufunguo. Ameufunga kwenye pindo la kanga.

Nje senene wameanguka tena kidogo, nasikia watoto. Ndizi zimeiva. Nimekula, nimemaliza sahani.

Daftari hili litalala wazi kuanzia leo, kwenye ukurasa huu:

Bi Zuhura. Ukinikuta nimelowa jasho, nasema ovyo, nipe chai ya sukari vijiko vinne. Nikikataa, nipe. Nikisema sukari ni sumu, usiniamini, nipe. Nisipoweza kumeza, usinimiminie kitu mdomoni, niite gari twende hospitali.

Kurasa za nyuma usisome. Nimekusema vibaya. Nisamehe.