Si Kibanda

Jumatatu, 4 Agosti

Karani wa ardhi atapita Ijumaa kuandika kilichopo kwenye kila shamba. Binti yangu ameiona fomu ofisini. Maneno manne ya kutiwa alama: nyumba, kibanda, dungu, ghala. Mwenye nyumba anaandikwa mkazi. Wengine wanahama baada ya mavuno. Na shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, ameshatangulia kuwaambia kwangu ni kibanda cha kulindia mazao, ili apate upande huu wa shamba. Kibanda! Miaka kumi na minne nimekuwa nikilinda nini humu — kunguru?

Siondoki.

Jumanne, 5 Agosti

Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Mwaka wa kwanza tulilala dunguni, mimi na marehemu, juu ya miti minne, tunafukuza nguruwe pori kwa kupiga debe. Wa pili, kibanda cha nyasi. Kisha tukajenga. Fito tulikata wote, udongo nikaukandika kwa mikono hii. Sisi tulihama dunguni. Kichwani mwake, shemeji ndiye hajahama.

Nimempigia karani simu mwenyewe. Kasema wanaangalia mlango, dirisha, jiko, choo. Jiko na choo ninavyo. Mlango wangu ni bati la kuegemeza — aibu! Dirisha sina kabisa.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi seremala kaja. Kagonga ukuta, kasema mama, nikitoboa hapa nusu ya ukuta itashuka. Nikamwambia toboa.

Ikashuka! Nikakaa chini nikalia, dakika tano hivi. Kisha nikachota maji nikaanza kukanyaga udongo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mgongo sina. Dirisha limesimama, limelalia kushoto kidogo, nalipenda hivyohivyo. Mlango una bawaba mbili na komeo. Nimeufunga na kuufungua kama chizi, binti kacheka mpaka machozi.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika jikoni, chai iko motoni. Karani yupo ndani na kamba yake ya kupimia. Kijana mpole. Kagusa udongo chini ya dirisha, katazama kidole chake, kimelowa. Kauliza, mama, hili la lini? Nikasema la jana. Sikuweza kudanganya. Kalamu yake ikasimama.

Mara shemeji huyo, anakuja mbio, jasho linamtoka, anapiga kelele tangu kwenye mahindi: kibanda hicho, kibanda cha kulindia ndege! Kafika mlangoni. Kasimama. Kavua kofia.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Binti kaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikaitikia kwa adabu zangu zote: karibu, shemeji, pita ndani.

Hajapita. Namwona kutoka hapa, yuko kizingitini, anaikunja kofia. Karani anamuuliza kwa upole, kalamu juu ya fomu:

"Mzee, ulikuwa unasema hapa ni nini?"

Chai inafurika. Iache ifurike, nasikiliza —