Siuuzi Wembe Wako, Baba

Bofu, Likoni

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo, na hiyo marahaba itamke kwa sauti hapo ulipoketi, Mama aisikie awe shahidi wangu. Goti lako linaendeleaje? Usingizi unakuja? Nimeambiwa kikohozi kimekuachilia, nami nikashukuru Mungu. Sisi huku ni wazima. Mimi ni uchovu tu wa kulea, maana mjukuu wako Zaituni anaota meno na hataki kulala popote ila mgongoni kwangu. Hamadi hajambo, bado ni askari wa lango kule kwenye maghala ya Changamwe. Akisharudi nyumbani jioni huwa hasemi neno mpaka amalize chai.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi wakati simu tunazo. Lakini kwenye simu, Baba, kila nikigusia ndevu zako unasema, "Haya, zungumza na mama yako," mara nasikia sauti ya Mama. Karatasi haina ujanja huo. Basi isome mpaka mwisho, tafadhali.

Naanza na wembe. Ulinifikia salama ndani ya kile kibati cha biskuti, na brashi yako, na vile vitambaa vyako vyeupe, pamoja na yale maneno uliyomtuma Mama aniambie: niuuze, kwa sababu hapo Faza hauna kazi tena. Nilipofungua kibati nilisikia harufu ya kinyozini kwako, sabuni na mafuta ya nazi, nikakaa chini. Hamadi akaushika akaukunjua, akasema mpini kama huu mjini wapo watu wanaoutaka. Nikamwambia siuuzi.

"Sasa utaufanyia nini?"

"Nitakunyoa wewe."

Alicheka mpaka akaona mimi sicheki.

Sikusema kwa kumkomoa. Kazi yake inataka kidevu kisafi, msimamizi huwaangalia nyuso kabla ya kuingia shifti. Na ngozi ya Hamadi unaijua. Hizi mashine na vile vijembe vya plastiki vilimtoa vipele mpaka shingo ikawa kama ganda la fenesi, akawa anajikuna usingizini hadi damu kwenye mto. Nikaona wembe upo, mume yupo, na mimi nimekulia miguuni pa kinyozi. Nitashindwaje?

Nilishindwa, Baba. Ngoja nikuambie ucheke.

Kwanza kunoa. Nilikumbuka ile ngozi yako ya kunolea iliyoning'inia mlangoni na ule mlio wake, chwap, chwap. Mimi ngozi sina, nikachukua mshipi wa Hamadi wa kazini, nikaufunga kwenye nondo za dirisha. Nikausukuma wembe makali mbele, kama mtu anayekata mkate. Mshipi ukawa vipande viwili! Siku hiyo askari wa lango alisimama langoni na suruali iliyofungwa kwa kipande cha leso yangu. Akaniambia, "Mama Zai, umeanza na mshipi. Kesho zamu ya shingo."

Nikafumba macho nikauleta mkono wako akilini, unavyokwenda na kurudi. Hapo ndipo nikaona: mgongo wa wembe ndio unaotangulia, makali yanafuata nyuma, na ukifika mwisho unaugeuzia mgongoni. Kile kipande kirefu cha mshipi ndicho ngozi yangu ya kunolea mpaka leo. Hamadi nimemnunulia mwingine.

Halafu ikaja Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Nikamketisha kwenye kigoda mlango wa uani, nikasugua sabuni na brashi. Povu likatoka, likafa. Nikasugua tena, likabaki kama maziwa yaliyokatika. Nikasema basi, twende hivyo hivyo. Wembe haukuteleza, ulikuwa unavuta. Hamadi alikishika kigoda kwa mikono miwili, machozi yanamlenga, maskini, na hakuondoka. Nilimkata shavuni, nikamkata kidevuni, nilipofika kooni mimi mwenyewe nikaogopa nikaacha. Tukambandika vipande vya gazeti. Jirani yetu Mama Mbeyu alikuwa anakaanga mahamri hapo uani, akainua kichwa.

"Hamadi we! Umepigana na paka?"

"Na mke wangu."

"Heri ungepigana na paka!"

Kule kazini wakamwita Kuku wa Idi, eti ameponea machinjoni. Yeye alinisimulia anacheka. Mimi nilikwenda kulia chooni. Sikulilia uso wake, maana ungepona. Nililia kwa sababu nilidhani ile kazi ilikuwa ndani ya mkono wako, na mkono wako ukishaugua basi imekwisha, hakuna wa kuirithi.

Sasa sikia ajabu. Maji yetu huku Bofu ni ya kisima, yana chumvi. Ya kunywa tunaletewa kwa mitungi, na hayo hayo ndiyo ninayomwogeshea Zaituni, kwa kuwa maji ya kisima yalimtoa upele. Basi ikanyesha mvua ya asubuhi, nikatoa ndoo, nikatoa beseni, nikatoa na sufuria. Nilipomaliza kumwogesha mtoto, maji ya mvua yakabaki kwenye ndoo. Hamadi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda kwa subira yake ile. Sikufikiri kitu, nikachovya brashi humo ndani ya ndoo.

Povu likasimama! Zito, jeupe, limemganda shavuni halitaki kushuka. Nikabaki nalitazama, nikakusikia wewe ukiita kutoka kinyozini, "Jabiani, Mwanaisha, si kisimani!" Nami mtoto nimeshika birika nanung'unika, kisima kiko mlangoni na jabia la maji ya mvua liko kule mwisho wa mji. Nilidhani ni makuu yako tu, kumbe maji ya chumvi hayatoi povu, na bila povu wembe unakwaruza. Hapo nikakumbuka na kile kitambaa cha moto ulichowafunika wateja wako usoni mpaka wengine wakikoroma. Nikachemsha maji, nikachovya kitambaa, nikamfunika Hamadi. Na nikakumbuka ulivyomwambia kaka Shee ulipokuwa ukimfundisha: wembe una uzito wake, usiuongezee wako. Shee alikuwa ameshika wembe. Mimi nilikuwa nafagia nywele, lakini wallahi masikio sikuyafungia nje.

Tangu siku hiyo kila mvua inayonyesha naikinga. Mvua ikikosa natumia ya mtungi, kikombe kimoja kinatosha.

Ila chini ya taya palikuwa bado pananisumbua. Ngozi ya hapo imelegea, na nywele za Hamadi zinalalia upande kama majani yaliyokanyagwa. Kila nikivuta kwa mkono wa kushoto, ama navuta sana ama navuta kidogo, na akitoka hapo lazima awe na alama. Basi asubuhi moja niko hapo hapo, Zaituni mgongoni kwenye mbeleko, akaangua kilio cha meno. Nikapeleka mkono wa kushoto nyuma nimpigepige. Mkono wa kuvutia ngozi ukawa haupo.

"Vuta mwenyewe," nikamwambia Hamadi.

"Wapi?"

"Chini ya sikio. Panda juu. Zaidi kidogo. Haya, papo hapo, usisogee."

Akavuta, nikapitisha. Ule mlio, Baba! Kama mtu anayekunjua karatasi mpya. Yeye alikuwa anajua panapouma kabla sijafika, anapavuta mwenyewe, mimi nafuata nywele zinavyolala. Tulimaliza hata tone la damu hakuna. Akajipapasa, akaniuliza, "Nimenyolewa mimi, au nimepakwa mafuta?" Vipele sasa vimekauka, na mto wake ni mweupe. Msimamizi wake amemwuliza kinyozi wake ni nani. Akamjibu, "Kinyozi wangu ana mtoto mgongoni."

Sasa Baba, nafika kwenye jambo langu. Mama amenieleza, na usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Ijumaa huendi tena msikitini. Barazani huketi. Rafiki zako wakipiga hodi unasema umelala. Ndevu ulizokuwa ukizichonga mpaka mstari wake ukionekana ng'ambo ya njia zimekufunika mashavu, na siku ulipojaribu mwenyewe ulijikata, ukauweka wembe kwenye kibati. Shee alipokuja na mashine yake ulimfukuza, ukamwambia wewe si maiti wa kuoshwa.

Nimekuelewa. Mtu aliyewanyoa wanaume wa mji mzima, mabwana harusi kwa mashehe, hawezi kukaa amelegeza shingo kama mgonjwa mtu amsafishe. Lakini kujifungia ndani sikubali, na ukaidi huu nimeurithi kwako, kwa hiyo tutakuwa wawili.

Tunakuja. Hamadi amepewa likizo, na kabla ya Ramadhani inshallah tutakuwa hapo sote watatu, na kibati nacho. Siji kukunyoa kama mgonjwa. Mama anasema mkono wa kulia ndio unaotetemeka, wa kushoto unashika kikombe bila kumwaga tone. Na mkono wako wa kuvuta ngozi ulikuwa upi miaka yote ile? Nilikuwa hapo na ufagio, nimeuona. Basi utakaa kwenye kile kiti cha wateja, na ngozi utaivuta wewe. Utaniambia pa kuanzia, utaniambia mstari upite wapi, ukisema basi ni basi. Mimi nitapitisha wembe tu.

Na nikikosea nigombeze. Nahitaji kugombezwa, Baba. Pale kooni nywele zinapogeukia juu bado nababaisha, na Hamadi hajui kunisahihisha, yeye kila kitu anasema vizuri. Makali nayo yameanza kuchoka, huo mshipi hauyarudishi kama ngozi yako. Hapa Likoni sijapata wa kumwuliza.

Nisalimie Mama, umwambie asikae sana na moshi wa jikoni. Msalimie kaka Shee, mashine yake sina ugomvi nayo ila siku hiyo aiache kwake. Msalimie shangazi yangu Zuhura, kanzu aliyomshonea Zaituni inamtosha na anapendeza. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani naye salamu, mwambie bado nasoma. Hamadi anakushika mkono. Zaituni hajui kusalimu, ameishika karatasi tu na kuitia mate pembeni, ndiyo hiyo alama unayoiona.

Jibu usiniandikie, na simu usipige, najua utampa Mama. Siku tutakayoingia nitatazama mlangoni tu. Nikikuta kiti cha wateja kimetolewa nje, na birika liko kando yake limejaa maji ya jabia, nitajua umenijibu.

Ni mimi mwanao, mfagiaji wako wa nywele,

Mwanaisha