Saa Niliyoifungia Sandukuni

Masumbwe, Jumapili asubuhi, manyunyu

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sote wazima, na mama yako amevuna vizuri.

Unauliza kama saa hiyo ya dhahabu inafaa kununuliwa. Mimi nilinunua yangu Geita, miaka ya hamsini, nilipoanza ualimu. Mwaka uleule bibi aliyenilea akafariki.

Shangazi akaniita: "Njoo umshike bibi yako kichwa, tumwoshe."

Niliogopa saa itaingia maji, wala sikumwamini ndugu yeyote anishikie. Nikaenda kuifungia sandukuni. Niliporudi, walikwisha kumvika sanda. Kichwa alikishika jirani.

"Tumemaliza, mwalimu," shangazi akasema. "Saa yako imepona?"

Hakuna aliyecheka.

Ukiipenda, inunue, yangu ilikuwa nzuri kweli. Ila jana, baada ya kusoma barua yako, nilipata usingizi saa tisa usiku.

Bibi yako