Mgonjwa Yuko Nyumbani

Shikamoo Bibi,

Huku Ndhiwa, Kenya, mvua hungoja mchana, foleni ya wagonjwa kliniki kwetu ikishakuwa ndefu. Lakini sisi wanafunzi wa udaktari tuliovuka mpaka kuja kujitolea hatuchoshwi na mvua. Tunachoshwa na wagonjwa wasiokuja. Jana mama mmoja mzima kabisa alinieleza habari za mguu uliovimba na pumzi inayokatika. Nilipomaliza kumpima kifua ndipo akasema, "Si mimi, daktari. Ni mama mkwe. Yeye iko nyumbani."

"Mbona hukuja naye?"

"Ni mgonjwa. Atatembea aje?"

Huyo alikuwa wa nne tangu asubuhi. Nikabeba kipimo cha presha, nikamfuata kwenye matope nikinung'unika njia nzima. Nikamkuta bibi wa watu amekaa mkekani, na presha imepanda hata nikaipima mara mbili. Nikauliza mbona alinyamaza. Mkwewe akanitafsiria: hakutaka kusumbua watu kwa ajili ya mguu tu.

Bibi, hayo ni maneno yako. Basi usimtume tena Shangazi akakuchukulie dawa. Panda baiskeli ya Mjomba, uupeleke mguu wako hospitali wewe mwenyewe.

Nafoka kwa sababu nakupenda.

Mjukuu wako,
Rehema