Kengele Nne za Mumbere

Old Kampala,
Jumapili, 19 Juni 1977

Mpenzi dada Kavugho,

Salamu zangu zikufikie huko Butembo, wewe, mama na watoto. Nimesikia kifua cha mama kimepata nafuu, nikamshukuru Mungu. Sisi tungali hai. Baba yangu anakusalimu, ingawa siku hizi hatoki ila kwenda msikitini. Barua hii anakuletea Katembo, yule muuza vitenge, mkononi mwake. Ndiyo maana nathubutu kuandika.

Umeniuliza mara tatu habari za kaka yako Mumbere, na mara tatu nikakujibu kwamba amesafiri kikazi. Nilikudanganya, dada. Mumbere amefariki. Muuguzi mmoja aitwaye Alanyo alimtambua katika chumba cha maiti, akatuletea habari. Baba na Obwona, mwenzetu wa kazini, walikwenda kuuchukua mwili. Tulimzika Kyebando, katika shamba la Mkristo mwenzenu, na katekista alisali kwa Kiswahili ili sote tuweze kuitikia Amina. Alikuwa bado amevaa ile sweta ya kijani uliyomfumia.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Katika chumba cha teleksi, tunakotuma ujumbe kwa waya, tulikuwa watatu: yeye, mimi na Obwona, Mwacholi mpole asiyependa maneno. Mashine ile ina vitufe vya herufi, na vingine visivyochapa kitu. Ukibonyeza cha kengele, karatasi haionyeshi alama yoyote, lakini mashine ya mpokeaji hulia, na ule utepe wa kutumia ujumbe hutobolewa matundu yake. Kanuni ya ofisi ilikuwa kengele moja. Mumbere alipiga nne kila mara. Alisema mtu anayesinzia Nairobi haamki kwa hodi moja.

Mwezi wa tatu, asubuhi, waliingia wanaume wanne wa usalama wakiwa na utepe waliouokota katika kapu letu la taka. Ulikuwa na majina kumi na moja ya watu waliochukuliwa mtaani kwetu, yaliyotumwa kwa wakili mmoja wa Nairobi. Hawakuuliza mengi. Walimkamata Obwona kwa ajili ya kabila lake tu, wakampiga kwa kitako cha bunduki mbele yetu hata meno yakamtoka. Alisema hajui, na kweli hakujua. Mkubwa wao akanitupia utepe, akaniamuru niusome.

Niliusoma kwa vidole, kama tulivyozoea. Nilipoipita anwani nikayagusa matundu ya kengele, moja baada ya jingine, hata zikatimia nne. Nikasema, "Huyu si Obwona. Obwona hupiga kengele moja tu."

"Sasa nani?" akauliza. "Sema haraka, mama."

Ningeweza kusema utepe umechanika, hausomeki. Nilimtazama Obwona pale sakafuni, nikasema, "Mumbere."

Kaka yako alisimama kabla hawajamgusa. Akachukua sweta yake kwenye kiti, akaivaa taratibu, akatoka nao.

Hayo Obwona anayajua, na huwaambia watu kwamba nilimwokoa. Nami huinamisha kichwa. Asilolijua yeye wala mtu mwingine ni hili: majina yale niliyaandika mimi. La tatu lilikuwa la mjomba wangu Fadhul. Niliogopa kuyatuma mwenyewe, nikampa Mumbere karatasi. Hakuniuliza ila jambo moja, kama nimeyaendeleza majina sawasawa, isije ndugu zao wakawakosa. Na yule mkubwa aliposema "Sasa nani?", neno "mimi" lilikuwa mdomoni mwangu. Nikalimeza, nikamtoa mwenzangu.

Siku ya kumi ndipo Alanyo alipomwona. Siku zote hizo tisa nilikaa nyumbani nimejifunga kanga mbili, nikiwangoja waje kunichukua. Kila gari lililosimama nje nilijua ni langu. Hawakuja. Hakunitaja, Kavugho. Nimeuona mwili wake, najua walimwuliza kwa namna gani, na hakunitaja.

Sikuombi msamaha. Najua mama hasomi, na kwamba wewe ndiwe utakayemsomea. Ukifika hapa, tafadhali, usiliruke jina langu.

Wabusu watoto. Mpe mama mkono wangu, kama ataupokea.

Ni mimi,
Sabah binti Abdulghani