Ruhusa ya Kumupeleka Donatien ku Mulima na Maji

Brussels, ndani ya koridori ya hospitali

Yaya wangu Vérone,

Amani ya Bwana iwe kwako huko Moba. Ninakusalimia wewe wa kwanza, dada mukubwa wa bwana yangu. Ninamusalimia bwana yako Papa Déo na mugongo wake; je, anaweza kuinama sasa? Ninamusalimia Yaya Anselme, mukubwa wa jamaa, kule juu Kirungu, na bibi yake. Ninamusalimia Mado, mutoto wako wa mwisho, na mutoto wake, meno yametoka? Na Mama mukwe umushike mikono miwili, umusemeshe polepole ku sikio la kuume, lile lenye kusikia. Muko wazima wote? Mvua imenyesha? Sisi huku tunapumua, Mungu anasaidia.

Ninaandika kwa mukono kwa sababu ku telefone bwana yangu Donatien anasikia yote. Saa hii yuko ndani, wamemufunga ku mashine yenye kusafisha damu, masaa mane, mara tatu kwa juma. Nikimaliza nitapiga picha ya karatasi mwenyewe, binti yetu Nadine alinionyesha, nitume ku telefone ya Papa Déo. Usicheke maandishi yangu, unajua masomo yangu yaliishia wapi.

Yaya, ndugu yako amechoka. Mwezi uliopita alimwambia munganga mbele yangu: « Siku moja nitabaki kitandani, mutaningoja bure. » Nilienda kulia chooni. Anataka Moba tu. Lakini Moba hakuna mashine, na bila mashine hamalizi juma mbili.

Bon. Siku moja ndani ya chumba cha kungojea akaona kitabu cha picha za safari. Akanivuta nguo: « Philo, angalia. Nani alipiga picha Moba? » Kweli, Yaya, mulima unashuka wima mpaka ndani ya maji, na nyumba zimebanwa katikati, kama pale ku bandari yetu ya ziwa. Nadine akasoma: ni Montenegro, inchi ndogo ya huku Ulaya, maji yake ya chumvi. Donatien akasema: « Chumvi si kitu. Kosa lao ni moja, hawajui kuanika ndagala. » Akacheka. Tangu Pasaka sikusikia kicheko kile.

Njo hivi konje yetu, safari ya kupumzika kule, ilianza. Nadine ameomba siku saba kwa kazi yake, amepata nyumba isiyo na ngazi, anasema ndege ni masaa mawili na kitu. Infirmière, muuguzi wa mashine, aliandikia hospitali ya kule. Wako na nafasi ku mashine moja. Sasa Donatien kila asubuhi anatoa kofia yake ku kabati, anaipangusa, anairudisha.

Lakini munganga aliniita pembeni: « Madame, moyo wake ni zaifu. Kwenda anaweza. Kurudi, siwezi kukuahidi. » Nadine hajui. Donatien hakuambiwa, lakini ninafikiri anajua.

Yaya, unamukumbuka mujane Godelieve? Alimupeleka bwana yake Kalemie kutafuta dawa bila kuuliza ndugu zake, akamufia ndani ya mashua. Ku kilio walimukalisha peke yake chini, kila muntu: « Nani alikutuma? » Hakuna aliyemupa maji. Ni wewe tu ulivuka kiwanja na kikombe. Nilikuwa kijana, nimesimama ku mulango, niliona. Njo maana barua hii ni yako.

Kukaa chini siogopi. Ninaogopa afe kati ya watu wasiojua jina la baba yake, na ninyi museme nilimwiba.

Panda Kirungu kwa Yaya Anselme. Umwambie yote, hata maneno ya munganga. Akubali kwa sauti yake mwenyewe ku telefone, Donatien asikie: « Enda, mudogo yangu. » Infirmière anangoja jibu mpaka siku ya tano ya juma hili, halafu mashine ile watamupa mugonjwa mwingine.

Na kama Yaya Anselme anakataa, uniambie mimi kwanza. Kofia nitaificha mwenyewe. Nitamwambia bwana yangu kwamba kule mulima umefungwa.

Wananiita, amemaliza. Jibu upesi, Yaya, upesi.

Muke wa ndugu yako,
Philomène, mama Nadine